Jiwe lilimpiga mume wangu shimoni, ukoo wake ukasema mimi ndiye niliyemwibia akili

Wakuu, salaam kutoka Kolwezi, Kongo. Ninayoyaandika nimeyaishi mwenyewe, na mhusika yuko hapo uani ninapoandika. Atakayesema ni chai, aje ainywe kwangu.

Mimi nauza unga sokoni Musonoi. Mume wangu, Papa Nadège, alikuwa mchimbaji wa mikono. Kampuni ilipompunguza kazi akaingia shimoni na vijana. Umri wake hamsini na kitu, lakini anashuka kwa kamba kama wao.

Siku moja bonge la jiwe lilikatika juu likampiga kisogoni. Akazimia kidogo, akaamka, akatapika.

Sasa, wachimbaji wa huku wana kipimo chao. Mtu akigongwa kichwa, mkuu wa shimo, wao humwita PDG, anamwekea mawe mawili mkononi na kumwuliza lipi lina madini.

"Hii iko cobalt ya muzuri," mume wangu akajibu. "Ile ni majiwe ya bure, tupa."

Wakapiga makofi. Kichwa kizima! Haukupita muda akashuka tena.

Msiwacheke jamani. Mtu hupima kwa alichonacho.

Miezi ikapita, nyumba ikabadilika. Mtu mpole akawa anafoka kwa sababu ya chumvi. Simu anaiweka ndani ya ndoo ya maji. Anauliza swali lile lile mpaka Nadège, binti yetu, anatoka nje kulia.

Ila mpe mawe. Hakosei hata moja.

Hapo balaa likanigeukia mimi. Mama mkwe akaita kikao cha ukoo uani kwetu, PDG naye akaja na mawe yake. Mume wangu akayataja yote sawasawa. Mama mkwe akasimama:

"Munaona? Akili ya kazi iko. Ile ya nyumba tu njo ilipotea. Nani anamupikiaka?"

Macho yote kwangu, eti nimemroga kwa chakula. Wakaamua nirudishwe kwetu Kasaji, na watoto wabaki.

Wakuu, kuitwa mchawi mbele ya watoto wako, sikuombei hata adui. Nikamwambia:

"Mama, nitaenda. Lakini kwanza twende wote kwa docteur. Akisema ni mi, mi mwenyewe nitafunga mizigo."

Akakubali, nadhani ili anishike uongo.

Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, alimchunguza, akatutuma Lubumbashi kupiga picha ya kichwa. Tuliporudi nayo akatueleza. Jeraha la nje limepona, la ndani bado. Ubongo ukigongwa, mwili hutuma walinzi wake kusafisha uharibifu, na kuna wakati hawaondoki. Ni kama askari walioletwa mtaani kutuliza fujo: fujo imeisha, wao wamebaki wanavunja milango ya watu. Kwa Kifaransa aliita inflamasyon.

Akasema hali kama hiyo huonekana pia kwa wazee wenye Alzheimer, na kichwa kilichogongwa vibaya kinaweza kumsogeza mtu kwenye usahaulifu wa namna hiyo. Mengine wataalamu bado wanayatafuta, hakutudanganya.

Na mawe je? Ujuzi wa miaka mingi una sehemu yake kwenye ubongo. Mara nyingi mambo ya jana ndiyo hutangulia kupotea.

Mama mkwe bado alikuwa amekunja uso. Ndipo mume wangu akamgeukia:

"Mama, papa atakuya saa ngapi?"

Baba yake alizikwa kabla mimi sijamjua mume wangu. Sikuwahi kumpikia huyo mzee hata chai. Mama mkwe alimshika mwanawe mkono.

"Papa yako iko ku njia," akamjibu.

Kisha akalia mpaka kitenge kikalowa. Alipomaliza akaniambia, "Mwana, tuende ku nyumba." Habari ya Kasaji ikafia hapo.

Sasa nisikilizeni. Mtu akigongwa kichwa, akazimia au akatapika, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anataja madini yote ya Lualaba. Asirudi shimoni mpaka daktari aseme. Na kabla hujamwita mke wa mtu mchawi, uliza kwanza kama mumewe aliwahi kugongwa.

Kupona hajapona, na daktari hakutuahidi. Shimoni harudi tena. Mama mkwe amehamia kwetu, tunapokezana kumwangalia.

Jana nilimpelekea mume wangu bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Akanishukuru kwa adabu, kama mgeni:

"Aksanti, mama. Uko na bwana?"

Nikamwambia ninaye.

"Anakupendaka?"

Nikasema ndiyo, sana. Akafurahi kwa ajili yangu, akala.

Mnaouguza mtu wa namna hii, ninyi huwa mnajibu nini? Niandikieni hapa chini, nitasoma yote.