Siku Nilipomtania Mama Komredi kwenye Maiki

Jamani, mkasa huu sijawahi kuusimulia nikiwa nimeinua uso, na leo pia nawaombeni mtazame pembeni kidogo. Kazi yangu mnaijua. Natafsiri filamu kwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, kule mtaani kwetu Kikuyu, yaani sauti ya filamu naishusha, naongea mimi juu yake kwenye maiki, wahusika nawapa majina ya watu wa mtaani, na watu wanacheka mpaka wanamwaga soda. Kibanda kinajaa kwa sababu ya mdomo wangu (ndivyo nilivyokuwa najisifu, Mungu anisamehe).

Basi mwalimu mmoja mstaafu wa Kongwa, Mwalimu Lazaro, akanipigia simu. Alikuwa na filamu ya nchi moja ya kusini, iliyotengenezwa mara tu watu wote kule walipopata haki ya kupiga kura, wakaanza kujisimulia wenyewe wao ni taifa gani na wamepita wapi. Wapiganaji wao waliwahi kuishi kambini pale Kongwa, na wazee bado wanawakumbuka. Akaniambia, "Wao wameonyesha taifa lao. Wazee wetu wanataka kujua kama na sisi tumo." Akanitumia filamu wiki nzima kabla, akanisihi niitazame yote. Nikatazama dakika kumi, nikaona askari na treni, nikasema hii naimudu, nikaifunga. Yote yaliyofuata yalianzia hapo.

Siku yenyewe, saa nane mchana, ukumbi wa shule umejaa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, joto halisemeki. Nikafanya ninachofanya kila niendako: nikamuuliza muuza soda mlangoni, hapa kwenu nani ana jina la kuchekesha? Akasema yupo Mama Komredi. Sikuuliza ni nani, wala kwa nini anaitwa hivyo.

Filamu ikaanza, na zile dakika kumi zangu zikaenda vizuri sana. Kisha akatokea mwanamke amekaa mlangoni kwake anatazama njia, na mimi Kiingereza changu cha kuokoteza kilikuwa kimeniishia, nikaanza kujaza kwa mdomo. Nikasema, "Huyo ni Mama Komredi, anamngojea mume. Mama, funga mlango ukalale, mwenzio kwao keshaoa, ana wajukuu." Vijana wa nyuma wakaangua kicheko. Nikanogewa, nikamwozesha yule mume, nikampa na mke mnene na ng'ombe wa mahari, na muda wote huo kwenye kitambaa cha kuonyeshea filamu zinapita picha za wanaume, mmoja baada ya mwingine, na mtu anasoma kitu kwa sauti ambayo mimi nilikuwa nimeizima kabisa.

Nikaja kugundua kuwa kule mbele hacheki mtu. Mama mmoja wa karibu miaka sitini alikuwa amesimama, na pembeni yake bibi kizee aliyeshika fimbo. Yule mama akasema taratibu, "Kaka, nakuomba unyamaze. Hao ni waliokufa, wanasomwa majina."

Mwalimu Lazaro akasimamisha filamu, akaja kuninong'oneza. Yule ni Sabina, na bibi ni mama yake, ndiye Mama Komredi mwenyewe. Baba wa Sabina, Elifasi Ndoba, alikuwa mpiganaji, aliondoka kambini Sabina hajaanza kutembea na hakurudi. Mama alikataa kuolewa tena, akaishi kama mjane wa mtu aliyeifia nchi yake. Sabina alipochekwa shuleni kuwa hana kwao, alijibu kuwa baba yake kalala kwenye ardhi aliyoikomboa. Walikuja kusikia jina lake likisomwa, hilo tu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaenda mbele, nikapiga magoti, nikasema shikamoo bibi, nisamehe. Akaitikia marahaba. Kisha akasema, "Rudisha nyuma. Yasome wewe, kwenye maiki hiyo hiyo."

Nikarudisha. Majina yalikuwa yameandikwa chini ya picha, nikayasoma moja moja, na kila picha ikibadilika naomba kimoyomoyo liwe la Elifasi (hebu fikirieni, naomba mtu awe amekufa). Picha zikaisha. Hakuwemo. Mwalimu akasema labda vitani alitumia jina jingine, labda orodha haikukamilika.

"Mwalimu, nimezaa naye," bibi akasema. "Jina lake nalijua." Akanigeukia, wala hakuwa na hasira, heri angenipiga na ile fimbo. "Basi ulichosema ndicho, mjukuu wangu. Kaoa."

Sabina akamshika mkono wakatoka, watu wakiwapisha njia, na hakuna aliyeomba filamu iendelee. Kama Kongwa ilikuwamo au haikuwamo, mpaka leo hatujui.

Siku hizi filamu naitazama mpaka mwisho kabla sijashika maiki, na jina la mtu wa mahali silitumii tena, hata mkinilipa. Kibandani wanalalamika kuwa nimepoa. Waache walalamike. Mwezi uliopita nilimpigia Mwalimu Lazaro nikamuuliza habari za yule bibi, akaniambia ni mzima, anakwenda sokoni kama zamani, ila mtu akimwita Mama Komredi haitiki.