Siku Tano Mbele ya Bakuli la Mbwa

Mbwa yule alikuwa na manyoya ya kuvalisha kondoo watatu, na bado yangebaki ya kujazia mto. Rangi yake ilikuwa ile ya mkonge ulioanikwa juani kule upande wa Thika, na akikimbia kati ya mistari ya kahawa ungedhani mtu amewasha moto akautuma dukani. Mimi ndiye niliyekuwa boi wake. Nilikuwa na mke na watoto wawili nyumbani kwetu Magharibi, nilikuwa na ndevu, na nilikuwa nasoma ngumbaru, shule ya watu wazima, kila jioni, lakini kwenye karatasi za kazi niliandikwa boi wa mbwa. Sikulalamika. Boi wa mbwa kama yule alikuwa mkubwa kuliko karani.

Mwenye mbwa alikuwa memsabu mzee, mjane, aliyeishi peke yake katika nyumba ya mawe kwenye shamba la kahawa, nje kidogo ya Ruiru. Shamba lenyewe liliendeshwa na meneja, Mzungu mrefu mwenye haraka. Nyumbani tulikuwa wafanyakazi wawili tu: mimi na mpishi, mzee Mwislamu kutoka Majengo ya Thika, ambaye alipika vizuri na kusema vibaya. Aliniita mwalimu, kwa vile nilitembea na kitabu changu cha Kiingereza mfukoni.

Kila asubuhi nilimchana yule mbwa. Watu wengi huanzia penye ngozi, wakavuta, mbwa akalia, na tangu siku hiyo akiona burashi anajificha chini ya kitanda. Anzia nchani. Fungua fundo kwa vidole, kisha burashi, kisha rudi juu kidogo. Nyuma ya masikio na kwapani ndiko mafundo hujificha. Kupe usimchome kwa njiti ya kiberiti kama nilivyoona watu wakifanya. Mshike karibu kabisa na ngozi, umvute polepole mpaka aachie mwenyewe. Siku moja ya mvua nilitoa kupe wa kutosha kuanzisha kijiji. Mbwa alilala tu, amefumba macho, kama tajiri kwa kinyozi.

Chakula chake nilikipika mimi. Kila Jumamosi niliendesha baiskeli hadi Thika kwa muuza nyama, baiskeli yenye breki moja, nayo ni mguu wangu, nikarudi na mifupa ya ng'ombe na mapande ya nyama. Nilichemsha, nikatoa mifupa, nikasonga ugali laini kwenye ule mchuzi, nikakatia karoti. Hakuna chumvi, hakuna kitunguu, na mfupa wa kuku uliopikwa usimpe mbwa hata akulilie, maana huvunjika kama sindano. Kisha nilingoja kipoe mpaka kidole changu kikae ndani bila kuungua.

Lakini kumlisha haikuwa kazi yangu. Saa kumi na moja jioni memsabu alichukua lile bakuli la bati mlangoni mwa jikoni akaenda nalo barazani mwenyewe. Mimi nilikwenda nyuma kuosha burashi. Mpishi naye saa hiyo alijifungia chumbani kwake, kwa sababu mdomo wa mbwa na mate yake vikimgusa vingemharibia udhu, na sala ya magharibi haikuwa mbali. Kwa hiyo, sisi wawili tulioishi na mbwa yule miaka mitatu hatukuwahi kumwona akila. Tuliona bakuli tupu tu.

Jumatatu moja asubuhi memsabu aliamka na homa kali. Kufikia saa nne alikuwa hajui yuko wapi. Meneja akamlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari akampeleka Nairobi hospitali. Mbwa alisindikiza gari mpaka langoni, akarudi, akalala barazani.

Saa kumi na moja nikamletea bakuli. Akaja. Akanusa. Akaketi mbele yake, kifua mbele, miguu sambamba, akanitazama.

"Kula," nikamwambia.

Akanitazama.

Nikadhani ana majonzi, nikamwacha. Kesho yake jioni ikawa hivyo hivyo. Majonzi gani yale, na huku mate yalikuwa yakimtoka pande zote mbili za mdomo kama kamba, yakafika sakafuni, yakafanya kidimbwi? Alikuwa na njaa mpaka ngozi ya mbavu ilitetemeka. Lakini pua yake haikupita ukingo wa bakuli. Nilichukua pande la nyama nikalisogeza mdomoni; akageuza uso pembeni, kwa adabu, kama mgeni anayekataa kikombe cha pili cha chai. Maji alikunywa. Chakula, la.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika kofia yangu, nami sijui kwa nini niliivua. Mimi nilipokuwa mtoto nilichapwa kila Jumapili kwa kuiba viazi kabla ya sala kumalizika. Na huyu hapa mnyama, hakuna fimbo, hakuna mnyororo, hakuna mtu wa kumwona ila mimi, amekaa mbele ya nyama na kusema hapana. Sijaona kasisi wa namna hiyo.

Jumatano meneja akaja kumwona.

"Yeye hapana kula?"

"Siku ya tatu leo, Bwana. Nadhani memsabu alimfundisha kungoja kitu. Labda tumuulize memsabu?"

"Memsabu hapana jua hata jina yake mwenyewe." Akainama, akamgusa mbwa mbavu, akatikisa kichwa. "Jumamosi asubuhi mimi kuja na bunduki. Hapana taka yeye kufa polepole. Wewe chimba shimo pale, chini ya mti."

Kisha akaondoka, kwa haraka yake. Shimo sikulichimba. Akilini nilimwona memsabu akirudi, amekonda, akimwita mbwa wake, na mimi nikimwonyesha mchanga wa kaburi.

Sasa, kosa langu lilikuwa hili. Nilikuwa msomi. Katika ngumbaru tulikuwa tumefundishwa kwamba kila mlango una neno lake, na neno lenyewe ni la Kiingereza. Basi nikaamini kwamba memsabu alikuwa na neno moja la kumruhusu mbwa kula, na kazi yangu ni kulitafuta. Nikasimama barazani, wima, mikono pembeni kama askari, nikasema "it", neno lao la kula. Nikasema "fudi". Nikasema "plizi". Nikasema kwa Kiswahili, nikasema kwa lugha ya mama yangu, nikafumba macho nikasali sala ya chakula yote mpaka amina. Nikafumbua macho: bakuli limejaa, mbwa amekaa.

Mpishi alikuwa akinitazama kutoka dirisha la jikoni.

"Mwalimu, umemwambia nini tena?"

"Nimesali, mzee."

"Kwa lugha gani?"

"Yetu."

"Ndiyo maana. Hata mimi nikiisikia hiyo lugha yenu njaa huniisha."

Lakini alipokuja mlangoni uso wake haukuwa wa mzaha. "Ndugu yangu," alisema, "mimi mbwa simshiki, wajua. Lakini huyu ni mja mwema kuliko wengi. Tafadhali, fanya ufanyavyo."

Alhamisi mbwa alisimama kwa shida. Ijumaa nikatoa kitabu mfukoni. Kama neno lipo, nilisema moyoni, limo humu. Nikaweka bakuli, safari hii mchuzi mtupu na vijiko viwili vya ugali, kwa sababu tumbo lililofunga siku nyingi, la mtu au la mbwa, ukilijaza ghafla unaliua. Nikasimama wima mbele yake, nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaanza kusoma kwa sauti.

Nilisoma lile neno la paka. Sikio moja likacheza, basi. Nilisoma kalamu, meza, ndoo, askofu. Wanawake wa kuchuma kahawa walikuwa wakipita na vikapu vyao kwenda kupima, wakasimama kwenye ua.

"Ngai! Angalia, mbwa amepelekwa shule!"

"Baba, huyo yuko darasa la ngapi?"

"Utaona, mtihani atakupita!"

Nikaendelea. Nilisoma kitabu kizima, nakuapia, na nambari za kurasa, na yale maneno madogo ya nyuma ya jalada. Jua lilishuka mpaka likaingia barazani. Mbwa hakuniondolea macho hata mara moja. Mwalimu wetu wa ngumbaru hajawahi kusikilizwa hivyo na mtu yeyote. Kitabu kikaisha. Hakuna neno.

Nikakifunga. Nyuma yangu kulikuwa na kiti cha memsabu, cha mbao na kamba, kilichokaliwa mpaka kikachukua umbo lake. Katika miaka yote ile sikuwahi kukaa mbele ya nyumba ile, si kwenye kiti, si kwenye ngazi, si kwenye jiwe. Hakuna aliyenikataza. Ni vile tu ilivyokuwa: sisi tulisimama. Hata tulipopumzika tulisimama. Lakini jioni ile mwili haukuniuliza. Niliangukia kwenye kile kiti, kikalia krii, nikafunika uso kwa kitabu.

Nikasikia sauti ya ulimi kwenye bati.

Nikashusha kitabu polepole. Mbwa alikuwa ameinamisha kichwa, anakula.

Wakati huo huo gari la meneja likanguruma langoni, naye alikuwa amekuja kuona kama shimo limechimbwa. Miguu yangu ikasimama yenyewe, kwa mazoea. Na mbwa, ulimi bado umo ndani ya mchuzi, akaacha. Akanyanyua kichwa, akaketi, akanitazama.

Nikamwelewa. Nywele zilinisimama kutoka kisigino mpaka utosini. Siku tano mnyama huyu alikuwa akiningojea mimi nikae.

Nikakaa. Akala. Meneja akapanda ngazi, akaniona, akawa mwekundu kama kahawa iliyoiva.

"Wewe! Nakaa kwa kiti ya memsabu?"

Nikashika mikono ya kiti kama mtu anayeng'olewa jino. "Bwana, tazama mbwa."

"Simama!"

"Nikisimama anaacha kula, Bwana."

"Mimi nasema simama!"

Nikasimama. Mbwa akaacha, akanyanyua kichwa, tone la mchuzi likamning'inia kidevuni. Wale wanawake uani wakasogea karibu.  Meneja akatazama bakuli, akatazama kiti, akanitazama mimi.

"Kaa," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Nikakaa. Mbwa akala.

"Simama."

Mbwa akaacha.

"Kaa."

Tulifanya hivyo mara tatu, na sijui pale nani alikuwa akifundishwa. Mwishowe mpishi akapaza sauti dirishani: "Mwalimu, kaa! Mwacheni kiumbe wa Mungu ale!"

Nikakaa nikabaki. Meneja akavua kofia. Alisimama pale barazani, mikono nyuma, na mimi nimekaa, mpaka bakuli likang'aa. Kisha akashuka ngazi, na nikaona anakanyaga taratibu, kama mtu atokaye kanisani.

Wiki nyingi nilikaa hivyo kila jioni, mpaka memsabu akarudi, mwepesi kama kapu tupu, akitembea na fimbo. Mbwa alimlia mpaka akapoteza sauti. Saa kumi na moja memsabu akakaa kwenye kiti chake. Bado nilileta bakuli mimi mwenyewe, maana mikono yake ilitetemeka, nikaliweka chini, nikasimama kando, wima, kama zamani.

Mbwa akaketi. Akamtazama memsabu. Akanigeukia akanitazama mimi. Hakula.

Memsabu akakunja uso. "Nini hii?"

Ikabidi niungame. Nilimweleza yote, kitabu, kiti, meneja. Nilingoja kufukuzwa. Yeye alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikaogopa tumrudishe Nairobi. Akaniambia mbwa yule alipokuwa mdogo alikuwa mlafi, anamrukia na kumwaga bakuli kabla halijafika chini; ndipo akamfundisha. Akisogea, bakuli linaondolewa. Akitulia mpaka memsabu akae, anakula. Hakumpiga hata kofi. Miezi mitatu alisimama na kukaa, kusimama na kukaa, kila jioni, bila kukosa siku, mpaka magoti yakamlilia. Siri yote ndiyo hiyo, alisema: jambo moja, kwa njia moja, na wewe usichoke kabla yake.

"Sasa yeye najua watu wawili," akasema. Akageukia jikoni akaita, "Mpishi! Lete kigoda!"

Mpishi akakileta kile cha kukalia anaponyonyoa kuku, akakipangusa kwa shati lake, akakiweka mbali kidogo na bakuli, kisha akarudi nyuma haraka kwa ajili ya udhu wake.

"Tafadhali, mwalimu," akasema, akiinama kama mbele ya gavana. "Mnyama anakungoja."

Nikakaa. Mbwa akahakikisha: memsabu, mimi, memsabu tena. Kisha akainamisha kichwa akala, na mimi na memsabu tukamtazama. Tangu siku hiyo, saa kumi na moja ikifika, niliacha kazi zote nikaenda kukaa.