Cheti Kilichotiwa Plastiki

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwa Mzee Kopi ni namna anavyoshika karatasi. Haibani kwa kidole gumba kama sisi wengine. Huilaza juu ya viganja vyote viwili na kuibeba polepole, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. Nilikuwa nimemaliza chuo na kupanga chumba mkabala na nyumba yake, nikampelekea cheti changu cha shahada anitolee kopi. Alikiinua kwenye mwanga, akapuliza vumbi ambalo mimi sikuliona, akasema, "Msomi, hiki usikiache uchi. Chai ikimwagika hapa, masomo yako yote yamekwenda na sukari."

Basi akakitia plastiki, nami nikamshukuru.

Hiyo ndiyo kazi yake tangu ujana: kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kutia plastiki vyeti vya watu. Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba yake, na ukutani hakuna karatasi inayopumua. Bei za huduma, cheti cha ndoa, kadi ya kliniki ya binti yake wa pekee, vyote vinang'aa. Cheti cha kifo cha binti huyo nacho kimo humo, kimeandikwa kwa lugha ambayo hakuna mtu katika nyumba ile anayeielewa. Mkewe aliniambia kwamba siku kilipofika, mzee hakulia. Aliwasha mashine.

Binti alikwenda nje kulea wazee. Akazaa huko, akaugua huko, akazikwa huko. Mwanamume aliyezaa naye alikwishamkimbia kabla mtoto hajaanza kutambaa. Aliacha msichana mdogo, ambaye sasa analelewa na familia ya wenyeji, nayo imeomba mahakama iwape mtoto huyo moja kwa moja. Si watu wabaya. Mzee mwenyewe alikiri hivyo, ingawa alikiri kama mtu anayetapika.

"Wamemnunulia baiskeli," aliniambia, kwa sauti ya kutoa taarifa ya msiba.

Ofisi ya ustawi wa watoto ya kule ilimwandikia kwamba babu anaweza kumchukua mjukuu wake, ila alete cheti cha polisi kinachoonyesha kwamba hajawahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote. Tena cheti hicho kithibitishwe kwanza na wizara ya mambo ya nje, kisha na ubalozi wao, ili hakimu aamini kwamba sahihi iliyomo ni ya kweli. Picha ya simu haitoshi. Wanataka karatasi yenyewe. Lugha yao niliisoma chuoni, kwa hiyo nilimsomea barua hiyo mara kadhaa, na kila mara alitikisa kichwa akiridhika.

"Kosa gani niwe nalo? Hata askari wa barabarani hatujawahi kukosana, maana gari sina."

Akaenda polisi, akachovya vidole kwenye wino, akasubiri majuma. Cheti kilipotoka, alikileta nyumbani juu ya viganja vyake viwili. Siku ya kwenda wizarani aliniomba nimsindikize, ili wakimwuliza juu ya ile barua ya kigeni niwepo.

Karani wa dirishani alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alikipokea cheti, akakigeuza, kisha akakigongagonga kwa ukucha. Kikalia kama sahani.

"Baba, nani amekitia plastiki?"

"Mimi mwenyewe," alisema Mzee Kopi kwa fahari. "Ndiyo kazi yangu. Hiyo hata uitie kwenye ndoo ya maji, haisemi kitu."

Mtu mmoja nyuma yetu kwenye foleni alicheka. "Mzee anataka kwenda nacho kwa kuogelea."

Karani hakucheka. Alichukua mhuri, akaugonga pembeni mwa plastiki, akapitisha kidole gumba juu yake. Mhuri wote ukahamia kwenye kidole. Akakiinua ili tukione.

"Umeona, baba? Haushiki. Na sahihi ya polisi siwezi kuikagua ikiwa ndani ya chupa. Hapa natakiwa nishike karatasi."

"Basi nitaiondoa hiyo plastiki."

"Inaondoka?"

Mzee Kopi alikipokea tena cheti kwa viganja vyote viwili. Wateja walikuwa wakimwuliza swali hilohilo miaka yote, na jibu lake alilijua kuliko mtu yeyote kwenye foleni ile.

Hata hivyo alijaribu. Tulikaa dukani na pasi ya umeme, kitambaa na wembe. Alipasha moto ukingo, akapasua kona, akaanza kuvuta taratibu, huku jasho likimtiririka puani. Karatasi ilikubali kidogo, nikadhani tumepona. Kisha ikachanika kwa ndani, bila sauti. Uso wote wa karatasi ulibaki kwenye plastiki, pamoja na jina lake na sahihi ya mkuu wa polisi, na mikononi mwake kikabaki kitu cheupe chenye manyoya kama pamba.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Ni mwanamke wa maneno mengi, lakini safari hii alisema machache.

"Umemkaanga mjukuu wako kwenye mashine."

"Mama, nilitaka kisiharibike."

"Najua. Umetuhifadhia vizuri sana."

Tangu hapo alimpakulia chakula na kukaa naye mezani, lakini hakumsemesha. Mimi nikawa njia yao ya mawasiliano. "Msomi, mwambie babu yako chumvi ile pale," alikuwa akisema, na babu mwenyewe yuko karibu kiasi cha kugusana naye magoti.

Nilimpigia simu mama wa ofisi ya ustawi wa watoto aliyetia sahihi ile barua, kuomba wasogeze tarehe ya kesi. Alizungumza kwa upole. Alisema hakimu alikwishaisogeza mara moja, na hataisogeza tena, kwa sababu mtoto anakua na hawezi kuishi kama mzigo ulioachwa stesheni. Kisha akampa simu mtoto, ambaye siku hiyo alikuwa ofisini kwake, nami nikaweka spika. Mzee Kopi aliita, "Mjukuu wangu." Upande wa pili kulikuwa na pumzi tu, halafu "Babu," halafu maneno ya lugha yao, mengi na ya haraka. Mzee aliitikia "ndiyo, ndiyo" mpaka mwisho.

"Amesema nini?" aliniuliza.

Nilimwambia ukweli, kwamba aliuliza kama huku kuna mahali pa kuendeshea baiskeli.

Polisi walimwandikisha upya. Askari aliyemchovya vidole safari hii aliuliza cheti cha kwanza kiko wapi, naye akatoa mfukoni vipande viwili. Askari akavitazama, akamtazama na yeye, akaandika "kimeharibika" na kumwambia, "Mzee, kingine usikipende sana." Kilipotoka, Mzee Kopi hakukigusa. Alinipa mimi nikibebe ndani ya bahasha, naye akatembea mbele akiwa ameweka mikono nyuma. Wizarani yule karani akakigongea mhuri, akapuliza wino ukauka. Ubalozini wakakishikilia muda mrefu kuliko tulivyotazamia, na kilipotoka tulikimbia nacho hadi kwa wasafirishaji wa vifurushi.

Kesi inasikilizwa leo. Asubuhi nilitazama kwenye simu na kuona kwamba kifurushi kimefika katika mji ule, lakini hakijakabidhiwa kwa mtu. Mama wa ustawi aliahidi kupita mwenyewe ofisini kwa wasafirishaji kukichukua kabla ya kuingia mahakamani, kama watakuwa wamefungua.

Duka halijafunguliwa. Mteja amegonga mlango, anataka kitambulisho chake kitiwe plastiki.

"Mwambie leo hapana," Mzee Kopi ameniambia.

"Mwambie mwenyewe, mzee wangu," mkewe amesema, bila kumgeukia. "Mdomo unao."

Mzee amemtazama kwa muda, kama mtu aliyeitwa jina lake baada ya kupotea, kisha akaenda mlangoni akamwambia mteja arudi kesho. Amerudi kuketi. Simu iko katikati ya meza, imechomekwa kwenye umeme ingawa imejaa. Mama wa ustawi alisema atapiga mara tu hakimu atakapoamua, na saa ya kesi imeshapita. Bibi ameondoa kikombe kilichokuwa karibu na simu. Bado haijalia.