Vijiwe Juu ya Ramani ya Treni

Mkutano wa kupanga treni ya mjini Mbarara uliitishwa Kamukuzi, nasi Wakongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale tukaalikwa, maana sokoni mjini tumo kila wiki. Mimi nilifuata jambo moja tu: kituo cha Ruharo. Mama anatibiwa macho hospitalini pale, na tangu aanguke na boda hataki kuipanda tena. Tukishuka kwenye basi tunakwenda kwa miguu, ameshika bega langu. Nilitaka treni imshushe getini.

Tulifika mapema mno, kama kawaida yetu. Ukumbini hamkuwa na mtu, ila bakuli la vijiwe na karatasi kubwa sakafuni. Kwetu Nakivale, kwenye bomba la maji, jiwe ndilo linalokushikia foleni. Hatukuuliza. Kila mmoja alichukua kijiwe, tukavipanga mstari ukingoni mwa karatasi, zamu zetu za kusema, tukatoka kuota jua.

Kumbe karatasi ni ramani, na kila kijiwe ni kura ya kituo. Mheshimiwa aliyeongoza mkutano, mwenyeji wa Masha, nje ya mji, aliingia akakuta mstari umetoka mjini mpaka kwao. Akafurahi kupita kiasi.

"Wananchi wamesema," akatangaza. "Treni inaenda Masha."

Mhandisi wa treni aliuliza kwa upole abiria watatoka wapi, maana huko ni ng'ombe na migomba. Akaambiwa uamuzi umeshapita.

Kicheko kilinibana mbavu. Jirani yangu akaninong'oneza, "Nyamaza, dada. Masha iko njia ya kwetu. Batu bote batafurahi."

Nilimfikiria mama, nikasimama hivyo hivyo, machozi ya kicheko yakinitoka. "Mheshimiwa, utusamehe. Ile si kura, ni foleni. Tulishika fasi ya kusema."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, mheshimiwa akiwa wa mwisho. Vijiwe vikarudishwa bakulini, kura ikaanza upya. Nikaweka changu Ruharo. Wenzangu wakanifuata huku wakininung'unikia, maana mama wanamjua, na mhandisi akachora duara pale. Nilitamani kumkumbatia.

Nyumbani nilimsimulia mama nikirukaruka kama mtoto. Alicheka, akauliza kama viti ni laini, na kama kondakta wake anapiga kelele. Kisha akauliza itaanza lini.

"Banasema kwanza batafute pesa, mama. Halafu bachimbe."

Akanitafuta mkono.

"Basi, kesho tukienda Ruharo tutoke mapema, mwana yangu. Jua isitupate mu njia."