Fundi Aliyeachwa Bila Talaka

Mzungu mwenye kampuni ya malori pale Mbeya alikuwa hodari wa kuanza mambo. Alianza kutengeneza barabara ya kuingilia yadi yake, akaiacha njiani. Alianza kupaka rangi ofisi, akaishia dirishani. Jambo moja tu alilimaliza barabara, nalo ni kukimbia. Asubuhi moja ya baridi kali tuliamka tukasikia amevuka Tunduma yeye, mkewe na mbwa wao, na kampuni imefilisika.

Fundi mkuu wa kampuni hiyo alikuwa mpangaji wetu. Alikuwa Mpunjabi, Mwislamu, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, akikaa chumba cha uani kwa shangazi yangu aliyenilea. Aliletwa kwa meli kutoka Karachi kwa kibali cha kazi, na kibali chenyewe kilimtaja tajiri mmoja tu, huyo ambaye sasa alikuwa mahali pasipojulikana huko Rhodesia anamtembeza mbwa. Huko Iringa kulikuwa na gereji iliyomtaka fundi wetu hata kesho. Lakini ili aandikiwe kibali cha Iringa, ilibidi kile cha Mbeya kifutwe kwanza. La sivyo angerudishwa Karachi, mji ambao yeye aliupitia tu kupanda meli. Kijiji chao kilikuwa kimeangukia upande wa pili wa mpaka mpya uliogawa nchi yao, na nyumbani kwao walikuwa wanalala watu wengine.

Akaenda boma. Alirudi jioni akatusimulia. Bwana wa vibali alimpa kiti, akamweleza kwa upole kwamba kibali hufutwa kwa ombi la mwajiri.

"Mimi nasema, mwajiri ametoroka. Yeye nasema, basi aandike kutoka huko aliko. Mimi nasema, hajulikani aliko. Yeye nasema, basi ngoja mpaka ajulikane."

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini.

"Huyu hakuachishwa kazi," akasema. "Huyu ameachwa bila talaka."

Alijua anachokisema. Mumewe alikwenda kwenye machimbo ya kusini akaacha kofia msumarini na ahadi tele. Shangazi akakaa miaka, si mke si mjane, na kila mwenye ndevu akimwambia kwamba anayefungua ni yule aliyefunga. Mpaka alipopatikana liwali mmoja mwenye akili. Huyo alimtaka alete mashahidi wawili wa kuthibitisha kwamba mume hajulikani aliko wala hakuacha masurufu. Wakaapa, akaivunja ndoa. Sasa shangazi akaiona serikali nzima ya Mwingereza imekwama mahali ambapo liwali alipita kabla ya adhuhuri, na moyo wake ukajaa furaha isiyo na huruma.

"Fundi," akamwambia, "kula ushibe. Kesho tunakwenda kukudaia talaka."

Tulikwenda na mashahidi wawili, mwadhini wa msikiti wetu na muuza maziwa, Mkinga mmoja Mlutheri aliyekuja amechana nywele kama bwana harusi. Mimi nilichukuliwa kuwa mkalimani, maana nilikuwa nimetoka shule ya wasichana na Kiingereza changu kilikuwa bado kipya.

"Mwambie," shangazi akaanza, "mwanamume huyo hajulikani aliko. Hakuacha chakula, hakuacha nguo, hakuacha wakili. Mwenziwe huyu ni kijana bado, atakaa hivi mpaka lini?"

Niliyapunguza moto kidogo maneno yake. Paliposemwa chakula na nguo nikasema mshahara, na paliposemwa mwanamume nikasema kampuni. Bwana wa vibali alisikiliza uso wake ukizidi kung'aa. Nadhani katika kazi yake hajawahi kuletewa jambo lililokamilika na mashahidi wake. Akamwapisha mwadhini kwa Msahafu na muuza maziwa kwa Biblia, akasema tangazo litabandikwa ubaoni mwezi mzima. Mwajiri asipojitokeza, kibali kitafutwa.

"Eda hiyo," shangazi akaninong'oneza. "Umeona? Kumbe hata wao wanaijua."

Mwezi ukapita na mzungu hakujitokeza, maana hata mjinga hawezi kurudi kuwatazama aliowadhulumu. Barua ilipokuja shangazi alikuwa ameshapika pilau. Niliisoma kwa sauti mbele ya majirani. Kibali kimefutwa! Wanawake wakapiga vigelegele. Nikaendelea kusoma. Kwa kuwa mtajwa sasa hana kibali chochote, atoke nchini katika muda wa wiki mbili. Pilau ikaliwa kimya kimya.

Kesho yake shangazi aliingia boma bila kubisha hodi.

"Tumekuleteeni mtu mumfungue, ninyi mnamfukuza! Iringa wanamtaka!"

"Vizuri sana," akajibu yule bwana, akishangaa kwa nini tumekasirika. "Basi Iringa waombe. Ombi likikubaliwa, ataitwa kutoka kwao."

Nilimfasiria shangazi. Alitambua. Mwanamke akiachwa hurudi kwao, na anayemtaka humfuata huko huko kumposa. Serikali ilikuwa imeishika sheria ya shangazi mpaka mwisho wake, na mwisho ulikuwa mchungu. Nikasema mimi, kwa Kiingereza changu, kwamba mtu huyu hana kwao tena. Yule bwana akainuka, akaenda kwenye ramani ukutani, akatafuta kwa kidole bila haraka.

"Anako," akasema kwa upole. "Hapa."

Basi la kwenda pwani lilipumzika Iringa, nasi tukamsindikiza mpaka huko kwa sababu shangazi alitaka kumwona mwenye gereji kwa macho yake. Huyo alitusikiliza huku akifuta mikono.

"Mama, mimi nilitaka fundi wa leo. Kumwandikia mtu ng'ambo nikamngoje mwaka, hayo siyawezi. Nimeshapata mwingine." Kisha, bila hata kukohoa, akamgeukia fundi wetu. "Lakini maadamu umefika, hebu nitazamie lori hili. Huyo mwingine limemshinda."

Nilimchukia tajiri yule kuliko nilivyomchukia yule aliyevuka Tunduma. Lakini fundi alikuwa ameshapandisha mikono ya shati. Lori lilikuwa limefunuliwa boneti, na uso wake, ambao kwa wiki nzima ulikuwa umefungwa, ulifunguka tukiutazama. Mkono ulikuwa umeshazama ndani ya injini shangazi alipoupiga kofi.

"Toa mkono," akamwambia. "Hajakuposa huyo."

Akautoa. Akaufuta kwa leso, akateremsha mikono ya shati na kufunga vifungo, tukampeleka kwenye basi.