Saruji ya Nyumba Zilizobomolewa

Juzi dukani Igoma nilimkuta bibi mmoja akiminya mfuko wa saruji mpya.

"Imetengenezwa na nini hii?"

"Ndani kuna kifusi cha nyumba za zamani, bibi, kimesagwa," akasema muuzaji. "Wanasema haichafui sana hewa."

"Itadumu?"

"Wanasema itadumu."

Bibi akafikiri. "Nyumba hizo zilianguka au zilibomolewa?"

"Zilibomolewa. Barabara ilipanuliwa."

"Basi yangu imo. Ilipigwa alama ya X, na tingatinga lilihangaika nayo mpaka mchana." Akaupapasa mfuko. "Nipe huu. Huenda tunafahamiana."

Uimara wa saruji hiyo nawaachia wataalamu wa maabara. Mimi nilimsaidia kuupakia mfuko kwenye mkokoteni, nikajikuta nimeulaza taratibu, kama mgonjwa anayerudishwa nyumbani.