Kibao cha Swichi Nne

Jirani yangu tunamwita Nyuzi, kwa ajili ya gitaa. Siku za kazi anatengeneza mashine za fotokopi. Jumamosi alikuwa akipiga kwenye harusi pamoja na mkewe. Mkewe hakuimba. Alichuchumaa kando ya mashine ya kubadilisha sauti ya gitaa, na Nyuzi akimkonyeza, anazungusha kitufe: sauti safi, mwangwi, ya kukwaruza, ya kutetema. Mama wa watu akafariki, na gitaa likakaa mfukoni miaka miwili.

Kisha mpwa wake akaja kumwomba: "Mjomba, usipopiga wewe kwenye harusi yangu, sitaki muziki kabisa." Akakubali, halafu akaja kwangu uso umemshuka.

"Jirani, nitapigaje? Mikono yangu yote iko kwenye gitaa, kitufe atakizungusha nani?"

Nikamsindikiza dukani kutafuta kibao cha swichi za kukanyaga. Muuzaji akatuletea kipana, swichi kumi na kioo juu. Nyuzi akakigeuza: nyuma kina tundu la kompyuta tu, na mashine yake ya zamani inataka waya wa MIDI, ule wa plagi ya duara yenye pini tano. Akachagua cha bei ya chini, cha plastiki, swichi nne. Kabla ya kulipa akatoa viatu vya harusi alivyokuja navyo, akavivaa pale pale, akakanyaga swichi moja moja aone kama kiatu hakigusi mbili. Nilicheka mpaka muuzaji akanikata jicho.

"Hiki chenyewe hakina sauti, mzee," akasema muuzaji. "Kinatuma namba tu. Mashine yako ikipokea namba, inabadilisha."

Ukuta wetu ni mwembamba. Siku tatu nilisikia jambo lile lile: anakanyaga swichi ya kwanza ili apate sauti safi, unatoka mwangwi. Anakanyaga ya pili apate mwangwi, inakwaruza. Anafuta, anapanga upya, inakwaruza tena. Nina subira ya fundi cherehani, lakini nayo ina mwisho. Siku ya nne nikaingia na futi yangu shingoni.

"Kaka, unanimaliza! Umeandika nini humo?"

"Swichi ya kwanza, namba moja. Ya pili, mbili. Nimekosea wapi?"

"Akili ni nywele, kaka, na wewe umeanza upara. Mimi nikipima kiuno sianzii kwenye moja, naanzia kwenye ncha, kwenye sifuri. Huenda na hicho kinahesabu hivyo."

Ndivyo ilivyokuwa: mashine ilianza na moja, kibao kilianza na sifuri. Akaandika sifuri, akakanyaga, sauti safi ikatoka. Nikapiga makofi. Yeye akaketi kitandani.

"Kumbe wa kwanza anaitwa sifuri," akasema. "Ndivyo nilivyo humu ndani, jirani. Nipo mmoja, na ni kama hakuna mtu."

Nikaketi kando yake, futi ikiwa bado shingoni.

Harusini alipiga, na watu wakacheza mpaka viti vyote vikabaki vitupu. Wakati wa kurudi nikambebea kibao.

"Mbona umenuna? Hakijakosea hata mara moja."

"Ndiyo hivyo," akasema. "Mke wangu alikuwa akikosea. Kila harusi lazima wimbo mmoja wa mapenzi auwekee sauti ya kukwaruza, tunacheka mbele za watu, tunaanza upya. Leo nimepiga nyimbo zote, jirani, na sikucheka hata kidogo."